Gitaa la Zamani na Uzi Usiolia

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kazi za Umuganda zikiisha na majembe kurudishwa majumbani, ndipo mitaa ya Nyamirambo mjini Kigali huanza tena kusikika muziki. Katika nyumba moja ya mtaa huo, siku kama hiyo, gitaa la umeme la rangi nyekundu iliyochujuka lilitolewa katika mfuko wake na kulazwa mezani juu ya blanketi. Waliolizunguka walikuwa watatu: mama mwenye nyumba, mjane wa miaka sitini na ushee, mwanawe, ambaye ni afisa wa polisi, na mzee mmoja, rafiki wa siku nyingi wa familia, aliyepata kupiga gitaa katika bendi za dansi miaka ya 1980.

Tatizo lililowakutanisha ni dogo kulitaja. Uzi wa nne wa gitaa hilo ulikuwa haulii. Ukiguswa ulitoa sauti ya kudumaa, mfano wa mtu agongaye boriti kwa kidole, kisha ukanyamaza kabla ndugu zake watano hawajamaliza kuimba. Nyuzi nyingine nazo zilikuwa zimechoka, lakini zililia. Huo wa nne ulikuwa maiti.

Gitaa lilikuwa la marehemu mumewe. Mwishoni mwa mwaka 1993 alikwenda nalo Bukavu kupiga katika arusi ya jamaa, akaliacha huko kwa nia ya kulifuata baadaye. Hakulifuata. Aliuawa mwaka 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na mwanawe alikuwa na umri wa miaka miwili tu. Jamaa wa Bukavu alilirudisha gitaa miaka mingi baadaye, likiwa na nyuzi zilezile alizozifunga mwenyewe. Kijana hakupata kumsikia babake akipiga, wala hakuna kanda iliyosalia. Alichonacho ni gitaa.

Si gitaa la pekee la namna hiyo. Katika miaka ya 1970 na 1980 Rwanda ilikuwa na bendi zake za magitaa ya umeme, na iliyotajwa zaidi ni Orchestre Impala, ambayo nyimbo zake zingali zikipigwa redioni na arusini. Mwimbaji wake mashuhuri, Sebanani André, aliyejulikana pia kwa michezo ya kuigiza ya Redio Rwanda, aliuawa mwaka 1994, na wanamuziki wengi wa wakati wake hawapo tena. Upande wa Tanzania, majeshi yenyewe yalikuwa na bendi za dansi zilizovuma: Polisi Jazz, Mwenge Jazz ya Jeshi la Wananchi, na Kimulimuli ya Jeshi la Kujenga Taifa. Rwanda ya leo inayo Army Jazz Band ya Jeshi la Ulinzi. Basi haishangazi kwamba katika nyumba nyingi za askari na za watumishi wa zamani, toka Kigali hadi Morogoro, hukosi kukuta gitaa limetundikwa ukutani au limesahauliwa juu ya kabati. Aghalabu kasoro yake si kubwa kama inavyodhaniwa.

Afisa huyo alikuwa amekwisha kulipeleka kwa fundi mmoja wa redio na vipaza sauti. Fundi aliuchomeka waya, akausikiliza uzi kwa dakika moja, akasema kwamba pikapu imekufa na kwamba gitaa zima halistahili gharama. Yeye angeweza kulinunua kwa ajili ya vipuri. Mama alipopata habari hiyo aliamuru gitaa lirudi nyumbani siku hiyohiyo.

KULISIKILIZA KABLA YA KULIFUNGUA

Mzee hakutaka kuona bisibisi. Alitaka kwanza gitaa lipigwe bila umeme. Jambo hili wapigaji wapya hulidharau, nalo ndilo lenye kuokoa fedha. Gitaa la umeme halina tumbo la kukuza sauti, lakini mbao zake hutetemeka, na mtu akiliegemeza sikio juu ya ubavu wake atasikia vyema jinsi kila uzi unavyolia wenyewe. Ikiwa uzi unaimba vizuri bila umeme na kufifia kwenye kipaza sauti, kosa liko katika njia ya umeme. Ikiwa umekufa hata bila umeme, basi pikapu haina hatia, maana pikapu haiwezi kuua sauti isiyoifikia.

Yafaa ieleweke pikapu ni kitu gani. Ni sumaku, au vipande sita vya sumaku, vilivyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku huitikisa nguvu ya sumaku hiyo, na mtikiso huo huzaa umeme mdogo ndani ya waya wa shaba. Umeme huo ndio unaopelekwa kwenye kipaza sauti. Ndiyo sababu uzi wa nailoni haulii kabisa juu ya gitaa la umeme: sumaku haiujui. Tena waya wa pikapu ni mmoja unaozunguka nyuzi zote sita kwa pamoja. Ukikatika, aghalabu hufifisha nyuzi zote. Si kawaida uchague uzi wa nne peke yake. Fundi wa redio angalitafakari hilo, asingalitoa hukumu yake kwa haraka vile.

Mzee aliupiga uzi wa nne huku waya umechomolewa. Ukagonga kama boriti, vilevile. Pikapu ikaachiliwa huru.

NYUZI ZA MIAKA THELATHINI

Katika kosa la uzi mmoja kufifia, mshitakiwa wa kwanza ni uzi wenyewe. Nyuzi tatu nene za gitaa, yaani wa nne, wa tano na wa sita, zina moyo wa chuma uliozungushiwa waya mwingine mwembamba kama kamba iliyosokotwa. Jasho la vidole, vumbi na mafuta ya ngozi huingia kati ya mizunguko hiyo na kukaa humo. Uzi huwa mzito mahali pengine na mwepesi mahali pengine, na ule mlio wa juu unaoipa sauti mng'ao hufa wa kwanza. Kutu humalizia kazi. Kadhalika, kila mahali uzi unapokandamizwa juu ya chuma cha shingoni, wapigaji wakikiita freti, hufanya kovu upande wa chini. Mtu akipitisha ukucha chini ya uzi mzee atayahisi makovu hayo moja baada ya jingine.

Kwa mpigaji wa kila siku nyuzi huchoka kwa majuma tu. Hizi zilikuwa na zaidi ya miaka thelathini. Hapakuwa na fundi duniani awezaye kusema gitaa hilo lina kosa gani kabla hazijabadilishwa, na mzee alilisema hilo waziwazi.

Mama akakataa.

“Hizo alizifunga yeye,” alisema. “Usiku mmoja kabla ya safari. Nilikuwa nimemshikia taa.”

Hakuna aliyembishia. Mzee alikunywa chai yake, akazungumza habari nyingine, na baada ya muda akasema, “Shemeji, yeye angalizitupa tangu zamani. Unajua alivyokuwa hapendi uzi uliochakaa.” Mama alicheka kidogo, akasema hilo ni kweli. Kisha akaenda chumbani akarudi na bati la biskuti. Nyuzi zilikubaliwa kutoka, kwa sharti kwamba zisitupwe.

Zilitolewa mmoja mmoja, na si zote kwa mara moja. Huu si ushirikina wa mafundi. Nyuzi sita za kawaida zikiwa zimekazwa huivuta shingo kwa nguvu ya karibu kilo 45, na shingo ya gitaa kongwe iliyozoea mvuto huo kwa miongo kadhaa ni vema isilegezwe ghafla. Zaidi ya hayo, katika magitaa mengine daraja halikufungwa kwa misumari. Linashikiliwa na nyuzi tu, na zikitoka zote kwa pamoja huanguka na kupoteza mahali pake.

Mnunuzi wa nyuzi huwa na mtego mmoja wa kuuangalia. Dukani kuna nyuzi za gitaa la kawaida, lile la tumbo, ambazo waya wake wa nje ni wa shaba nyeusi, nazo hung'aa rangi ya dhahabu. Ukizifunga kwenye gitaa la umeme zitalia vizuri bila umeme, lakini sumaku huusikia moyo wa chuma tu na kuipuuza shaba, kwa hiyo nyuzi nene husikika dhaifu kando ya zile nyembamba. Watu wengi wamelaumu pikapu kwa kosa la pakiti. Nyuzi za gitaa la umeme huwa za rangi ya fedha, kwa kuwa waya wake wa nje ni wa chuma au una nikeli.

Mtego mwingine ni wa mikono. Uzi mnene ukikatwa kabla haujakunjwa kwenye kigingi chake, waya wa nje huweza kulegea juu ya moyo wake, na uzi mpya kabisa ukawa mfu tangu siku ya kwanza. Ukunjwe kwanza pembe kali, ndipo ukatwe. Wala usipotoshwe wakati wa kuuzungusha. Kwa asiye na fedha ya nyuzi mpya, wapigaji wa zamani walizichemsha zile kuukuu katika sufuria ya maji kwa dakika chache na kuzikausha vizuri. Uchafu hutoka, mng'ao hurudi, lakini kwa siku chache tu. Sufuria hiyo isiwe ya mboga.

Nyuzi mpya zilipokwisha kufungwa na kulinganishwa, gitaa lilibadilika kiasi cha mtoto wa jirani kuja kuchungulia mlangoni. Nyuzi tano zililia kama kengele. Uzi wa nne ukagonga kama boriti.

KIFUPA CHA SHINGONI

Hapa ndipo mahali ambapo wengi hukata tamaa, napo ndipo jibu lilipokuwa karibu. Mzee alimwomba kijana aukandamize uzi wa nne kwenye freti ya pili, aupige. Ukalia, safi kabisa. Freti ya tano, ukalia. Ya tisa, ukalia. Kidole kikiondolewa, uzi ukiwa mtupu, ukafa tena.

Maana yake ni hii. Uzi mtupu hutetemeka kati ya ncha mbili: daraja huku chini, na kule juu kile kipande chembamba chenye mifereji sita, mwishoni mwa shingo karibu na vigingi. Hicho ni kifupa, na katika magitaa mengi mazuri ni mfupa wa ng'ombe kweli. Uzi ukikandamizwa kwenye freti, freti ndiyo inayokuwa ncha ya juu, na kifupa huachwa nje ya mchezo. Basi uzi unaolia ukikandamizwa na kufa ukiwa mtupu unamshitaki kifupa peke yake. Lau ungalikufa mahali pote, washitakiwa wangalikuwa uzi wenyewe au kitako chake katika daraja. Lau ungalikufa kwenye freti moja tu, mtu angaliangalia freti inayofuata mbele yake, kama haikuinuka na kuugusa uzi. Pia yako magitaa yenye mahali pa bubu katika shingo, mbao zenyewe zikimeza noti fulani, mara nyingi kati ya freti ya tano na ya saba ya uzi wa tatu. Hilo ni umbile, wala halina dawa kamili.

Uzi ulilegezwa na kuwekwa kando. Mama alileta sindano ya kushonea. Mzee aliipitisha katika mfereji wa nne wa kifupa, akakwangua polepole, na kikatoka kitu kidogo cha kijivu kilichokunjwa mara nne. Ilikuwa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, ile yenye upande wa fedha.

Mzee aliitambua kabla hajaikunjua. Katika miaka ile kila mpigaji alifanya hivyo, alieleza. Mfereji ukiliwa na uzi kwa miaka mingi huwa na kina kirefu mno, uzi hushuka na kugonga freti ya kwanza kwa mlio wa nyuki. Dansi ni usiku huo, fundi hayupo; basi mpigaji hukunja karatasi ya sigara, akaitia mferejini, uzi ukainuka, kazi ikaendelea. Ikiwa mpya na kavu na kukazwa vizuri, karatasi hiyo husaidia. Lakini karatasi ni mto. Ncha ya uzi inataka kulalia kitu kigumu. Ikilalia kitu laini, mtetemo hunywewa kama maji katika mchanga. Masika zaidi ya thelathini za unyevu wa Bukavu na Kigali zilikuwa zimeigeuza karatasi hiyo kuwa uji uliokauka.

Mwana aliishika katika kiganja chake muda mrefu. “Alikuwa akivuta sigara?” aliuliza.

“Alikuwa akinificha,” mama alijibu.

Dawa ya kudumu ni kifupa kipya, na kaya yenye subira inaweza kukipata jikoni: mfupa mnene wa mguu wa ng'ombe, uliochemshwa hadi mafuta yatoke, ukakaushwa siku nyingi, kisha ukakatwa na kusuguliwa kwa tupa. Lakini mfereji mmoja tu ukiwa ndio mbovu, hujazwa. Mzee alisugua kipande cha mfupa kwa msasa hadi akapata unga wa kutosha ncha ya kisu, akaujaza mferejini, akadondosha tone moja la gundi ya papo kwa papo. Mbao za pande zote mbili zilikuwa zimefunikwa kwa utepe wa karatasi, kwa kuwa gundi hiyo ikigusa rangi haisameheki. Madirisha yalifunguliwa, maana moshi wake huwasha macho. Baada ya saa moja mchanganyiko huo ulikuwa mgumu kama jino.

Palibaki kuuchonga mfereji upya. Tupa za kazi hiyo ni nyembamba sana na ni ghali. Asiye nazo hutumia uzi mnene kuukuu wa unene uleule: waya wake wa nje ni kama msumeno mdogo, nao ukivutwa huku na huko hukata mfupa polepole kwa kipimo chake wenyewe. Mzee alitazama bati la biskuti, kisha akamtazama mama. Mama ndiye aliyelifungua na kuutoa uzi wa nne.

Kazi hiyo haitaki haraka. Mfereji ni lazima uteremke kidogo kuelekea kwenye vigingi, ili uzi ushike ukingo wa mbele, ule unaotazama freti. Ukishika nyuma, sauti huwa na mkwaruzo na kufifia upya. Usiwe mpana wa kuufanya uzi ucheze, wala mwembamba wa kuubana. Kina chake hupimwa hivi: uzi ukandamizwe kwenye freti ya tatu, kisha utazamwe juu ya freti ya kwanza, pabaki nafasi ya kupita karatasi nyembamba, basi. Mzee alivuta, akapima, akavuta mara mbili zaidi, akapima. Alipofika hapo aliacha, kwa kuwa mfupa ukishakatwa haurudi. Mwishowe alisugua ncha ya penseli ndani ya mfereji, ili uzi uteleze unapokazwa.

YALIYOSALIA

Gitaa lilipochomekwa kwenye kipaza sauti, uzi wa nne ulilia, ila chini kidogo ya wenzake. Sasa ndipo bisibisi iliporuhusiwa. Pikapu za gitaa hilo zina skrubu sita zinazotokeza juu, moja chini ya kila uzi. Ya nne ilipandishwa nusu mzunguko, na sauti zikalingana. Ikumbukwe kwamba pikapu nyingine hazina skrubu: vinavyotokeza ni sumaku zenyewe, na waya wa shaba umezungushwa juu yake. Hizo zisisukumwe hata kidogo, maana waya hukatika, na hapo pikapu itakuwa imekufa kweli. Katika gitaa la Fender Stratocaster lililotoka mwaka 1954, sumaku hizo zilipewa vimo mbalimbali kulingana na nyuzi za wakati huo, ambapo uzi wa tatu ulikuwa bado wa kusokotwa. Mwenye pikapu za kimo hicho akifunga nyuzi za leo atasikia wa tatu ukipiga kelele na wa pili ukinong'ona, nalo si kosa la mtu.

Wala pikapu nzima isipandishwe mno kwa tamaa ya sauti kubwa. Sumaku ikiukaribia uzi huuvuta na kuunyima uhuru wa kutetemeka. Uzi ukiwa umekandamizwa freti ya mwisho, nafasi ya milimita 2 hadi 3 yatosha.

Ikiwa nyuzi zote sita zimefifia kwa pamoja, yote yaliyosemwa juu hayahusiki sana. Mtu aangalie kama kitufe cha toni hakikufungwa, ajaribu waya mwingine, tena mfupi, kisha kipaza sauti kingine. Na mtu akihisi umeme ukimtekenya vidoleni anapogusa nyuzi, aache mara moja na kumwita fundi umeme. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na ardhi ya kipaza sauti, na umeme wa nyumbani ni wa volti 230. Vipaza sauti vya zamani vya taa za kioo huhifadhi umeme mkali ndani hata baada ya kuzimwa. Havifunguliwi na asiyevijua.

Freti ya kwanza ya gitaa hilo imelika chini ya nyuzi nyembamba, na vigingi viwili vimelegea. Hayo yaliahirishwa hadi Jumamosi nyingine. Karatasi ya sigara iliingia katika bati la biskuti pamoja na nyuzi. Mama alimtaka mzee apige chochote, lakini mzee alimpa kijana gitaa. Afisa huyo anajua mikao mitatu tu ya vidole, na mmoja kati yake unautaka uzi wa nne ukiwa mtupu. Aliupiga huo, akaurudia, na aliendelea kuurudia hadi adhana ya alasiri iliposikika kutoka msikitini.